Madabodi Mpya na Maneno ya Shangazi Kabula

Jumatatu, 4 Agosti 2003. Bariadi.
Leo nimempata Mektilda! Duka lake la kuchapa barua linatazamana na langu, na tangu alete printa ya rangi wateja wamehamia kwake. Hata katekista! Sasa Kristofa, mfanyabiashara wa Mwanza, ameniletea madabodi mpya, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta. Kompyuta yangu itakimbia kuliko yake mara tatu. Kristofa kanishauri nimwite fundi. Fundi wa nini? Bisibisi ninayo.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimetoa madabodi ya zamani, nimefunga mpya. Skrubu tatu zimebaki. Bila shaka kiwandani walizidisha. Nikawasha. Kioo kikawa cha buluu, maandishi meupe, kisha kimya. Nikawasha mara kumi na moja. Buluu!
Hapo ndipo nikamkumbuka Shangazi Kabula. Nikakaa chini.
Miezi miwili alinisimulia ukoo wetu kule Nkololo: nani alimzaa nani, nani alihama na ng'ombe mwaka wa njaa, watoto gani walizikwa njiani. Nilichapa kurasa arobaini, zote zimo ndani ya kompyuta hii. Mwezi Mei akafariki. Jumapili hii ukoo unakutana ili niwasomee. Nakala nyingine? Hakuna. Daftari nililitupa, lilikuwa linajaza meza.

Jumatano, 6 Agosti.
Nimepata CD ya Windows. Ikauliza kama nataka kufomati diski. Sikujua maana yake, ila neno lilisikika safi, kama kupiga deki. Nikasogeza kidole. Mara Mektilda akaingia kuazima karatasi.
"Baba Salu, toa mkono hapo!"
Nikatoa. Akaniuliza kama najua kwamba kufomati ni kufuta kila kitu. Nikasema najua sana, nilikuwa natafakari tu. Akanitazama. Nikalia. Mwanamume mzima, mbele ya mpinzani!

Alhamisi, 7 Agosti.
Mektilda kafunga duka asubuhi nzima kwa ajili yangu. Kachomoa diski yangu, kaifunga ndani ya kompyuta yake kama diski ya pili. Akaeleza kwamba diski ni nzima, Windows ya zamani tu ndiyo haielewani na madabodi mpya. Akafungua. Faili la Shangazi lipo! Kurasa zote arobaini!
Nikamsomea mstari mmoja, wa mtoto Nyamizi aliyefia Zagayu akiwa bado ananyonya. Mektilda akaomba nirudie.
Akanakili kila kitu kwenye kompyuta yake. Ndipo akafomati diski yangu, akaweka Windows upya, akarudisha mafaili. Ila herufi zikatoka kubwa kama za bango. Akasema inatakiwa CD iliyokuja na madabodi. Nikaitafuta dukani, nikaitafuta nyumbani. Mke wangu Nyanjige alikuwa ameitundika kwenye mchicha kufukuza ndege! Tukaifuta kwa kitenge. Ikasoma, herufi zikarudi kawaida. Asante Mungu. Asante Nyanjige. Hata ndege wa Bariadi nawashukuru, hawakuidonoa.

Jumapili, 10 Agosti. Nkololo.
Nimesoma. Baba mdogo Mayunga hajui kusoma, lakini aliomba karatasi zile, akazikumbatia, akawa anamwita dada yake. Mektilda nilimwalika. Yeye ndiye aliyechapa kitabu chote, jina la Shangazi kwa rangi nyekundu, na akakataa malipo. Nilimshukuru mbele ya ukoo wote. Wakampa jogoo. Sina neno baya tena juu ya printa yake.

Jumatatu, 11 Agosti.
Moyo umejaa shukrani, nataka na mimi nimtendee mtu wema. Mektilda kaniusia kwamba nisiguse kompyuta ya mtu kabla ya kunakili mafaili yake. Nimemwahidi kwa moyo wote.
Saa nne Padri Anatoli kaja na kompyuta ya parokia. Imekuwa nzito mno kufanya kazi, na ndani mna orodha ya wabatizwa wa miaka sita. Alikuwa anakwenda kwa Mektilda. Nikamzuia. Nimemwambia yule mama amechoka kwa ajili yangu, tumwache apumzike, kazi hii sasa naijua. Padri akauliza kama orodha iko salama. Nikamwambia kunakili kutamchelewesha bure, naye ana misa ya mazishi.
Nimebonyeza pale kwenye kufomati. Imefika asilimia sitini na inakwenda vizuri sana.