Kamati ya Kumsaidia Mwanafunzi Kuamua Alale Wapi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, waraka ulibandikwa kwenye lango la chuo kwa gundi ambayo ingetosha kulibandika lango lenyewe. Ulitangaza kuzaliwa kwa Kamati ya Kumsaidia Mwanafunzi Kuamua Alale Wapi, hatua ya kihistoria itakayowatua vijana mzigo wa kufikiri.

Msichana wa mwaka wa pili aliusoma mara mbili. Bwenini walikuwa wanne katika chumba cha wawili. Ng'ambo ya barabara, fundi cherehani alikuwa na chumba chenye dirisha, na angemshikia hadi saa kumi na moja jioni, basi. Akaenda kwenye Kamati.

Mwenyekiti alimpokea kwa fomu ya kurasa kumi na moja. Swali la kwanza: "Je, umewahi kulala? Fafanua."

"Mheshimiwa, nataka kujua tu kama naruhusiwa kuhama."

"Binti yangu, usikurupuke. Suala lako litachakatwa kwa siku tisini."

"Na katika siku hizo?"

"Kulala ndani ni kwa kibali. Kulala nje ni kwa kibali. Aliye kwenye mchakato hana kibali chochote."

"Sasa nilale wapi?"

"Swali zuri," alisema Mwenyekiti, akamgeukia katibu. "Andika. Liundiwe kamati ndogo."

Saa kumi na nusu msichana alikunja godoro. Wenzake watatu walimsaidia kwa moyo mkunjufu. Mmoja alikwisha kupanga viatu vyake kwenye kitanda cha msichana.

Langoni, mlinzi aliupitia waraka kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kibali cha kutoka hakimo humu. Pita, dada. Kurudi ndiyo shughuli."

Saa kumi na mbili jioni msichana alikuwa akitundika pazia. Dirisha lilitazama lango, naye alimwona Mwenyekiti akirejea kwenye nyumba yake ya chuo, iliyo nyuma ya maktaba.

"Kibali, mzee," alisema mlinzi.

"Wewe vipi? Mimi ndiye ninayevisaini."

"Najua. Kifungu cha nne, mtu yeyote alalaye ndani. Cha tano, hakuna atakayejisainia. Umeandika vizuri sana, mzee."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na mwombaji."

Mwenyekiti alisimama kwa dakika ishirini, akipiga simu kwa wajumbe. Hakuna aliyepokea; wajumbe nao walikuwa wamezuiwa kwenye lango la nyuma, kila mmoja akimpigia mwenzake. Hatimaye akavuka barabara.

"Mama, nasikia una chumba."

Fundi hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Nilikuwa nacho, baba. Huyo binti alikuwa na haraka ya kuamua."

Mwenyekiti aliinua macho, akamwona msichana dirishani. Msichana alichukua fomu yake juu ya godoro, kurasa zote kumi na moja, haijaandikwa hata herufi, akampitishia dirishani.

Mwenyekiti aliipokea, akasoma swali la kwanza, akaomba kalamu.