Wiki ya Kumsikiliza Mungu, na Sufuria la Kanisa

Jumatatu, 3 Machi
Mchungaji kaja na jipya. Eti wiki hii akina mama tupunguze maneno. Kila asubuhi tukae kimya tumsikilize Mungu, tutende atakachosema, na Jumapili kila mmoja aeleze alichosikia. Mtoto wa juzi, ndevu hazijakomaa, ananifundisha mimi kunyamaza! Lakini sikubisha. Jumapili hiyo hiyo tutaamua kama wifi yangu anyang'anywe ufunguo wa jiko la kanisa. Sufuria kubwa limepotelea mikononi mwake. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wote nikasema kaliiba. Nani mwingine? Na ufunguo ukitoka kwake, uende kwa nani kama si kwangu? Mungu atasema. Nitamsaidia kidogo.

Jumanne, 4 Machi
Nimekaa kimya. Mungu naye kakaa kimya. Nikaona labda ananingoja nianze, nikaanza. Nimemweleza mambo ya wifi yote, tangu siku ya harusi yangu aliposema miguu yangu kama michi. Mjukuu wangu kachungulia, kauliza, bibi, unasikiliza au unasengenya? Nimemfukuza. Midomo kama cherehani!

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Nimeingia stoo kumtazama Kishingo, kuku wangu yule asiye na manyoya shingoni. Anaatamia. Nikasogeza majani nihesabu mayai. Chini ya majani, chuma. Kwenye chuma, msalaba wa rangi nyekundu. Sufuria la kanisa! Nikakumbuka. Nililichukua mwenyewe kuloweka mablanketi. Nikakaa hapo hapo chini, kimya, bila kutaka. Ndipo nikasikia neno, wazi kabisa: Sema.
Ni gesi. Jana nilikula maharage.

Alhamisi, 6 Machi
Sema. Tena! Nimekunywa tangawizi. Bado. Nimemuuliza Mungu niseme kwa nani, na kwa nini lazima niwe mimi. Hajibu. Akishasema, kasema.
Bombani nimemkuta wifi, macho mekundu. Kaniuliza kama kweli moyoni naamini yeye mwizi. Kasema tangu mumewe afe, jiko lile ndilo linalomtoa kitandani. Wakimnyang'anya ufunguo kwa jina la mwizi, uso ataupeleka wapi? Neno lilinifika ncha ya ulimi. Nikamwambia ndoo yake inavuja.
Na ilikuwa inavuja kweli! Kwa hiyo nimesema kweli. Mungu kaona.

Ijumaa, 7 Machi
Mjukuu kanisomea Neno: mtu aseme kweli na jirani yake. Nikamwambia asome pengine. Kafungua pengine, yale yale. Kitabu kizima kimekula njama! Chakula hakipandi. Nimezunguka uani mpaka mbwa kachoka kunitazama.
Mwishowe nimepata njia. Sufuria litarudi lenyewe, na mimi ndiye nitakayefunuliwa lilipo. Wifi atasafishika jina. Mimi nitaitwa nabii. Mwongo hayupo hapo! Yuko wapi?

Jumamosi, 8 Machi
Nimehamishia mayai kapuni. Kishingo kanidonoa mpaka damu. Nimelisugua sufuria kwa majivu, nikalifunika kwa kanga, nikapita nalo kwenye pengo la ua. Kanisa si lipo hapo nyuma tu. Nimelificha nyuma ya rundo la kuni, kando ya jiko. Hakuna aliyeniona.
Kishingo kalikataa kapu. Shauri yake.

Jumapili, 9 Machi
Nimesimama. Nimefumba macho. Nimetetemeka kidogo, inapendeza. Nikatangaza nimesikia: sufuria li nyuma ya kuni! Wakapiga vigelegele. Tukatoka wote, mchungaji mbele.
Sufuria lilikuwepo. Ndani yake, kavimba, shingo tupu, katukodolea macho: Kishingo!
Hakuna mtu mtaani asiyemjua kuku yule. Kimya kikaanguka. Kimya kile kile mchungaji alichokitaka wiki nzima!
Wa kwanza kucheka ni wifi. Kacheka mpaka kashika ukuta, machozi yanamtoka, kasema, wifi yangu, malaika wako wanadonoa! Mchungaji kaniuliza kwa upole Mungu aliniambia nini hasa. Nikamjibu, aliniambia niseme, na si nimesema?
Ufunguo umebaki kwa wifi. Jioni kaniletea chai jikoni kwangu. Kasema neno moja pale bombani lingetosha, kuku asingesumbuliwa. Kanisamehe kabla sijaomba.
Sijaomba.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari sana. Kumbe Mungu hakuniacha! Kasema kupitia kuku wangu. Kuku wa nani mwingine kapewa heshima hiyo? Nitamwambia mchungaji anikabidhi mimi kuwafundisha wenzangu kusikiliza.
Asubuhi nimekaa kimya kama mtu mzima. Kimya hasa. Ndipo nikakumbuka upawa wangu mkubwa siuoni. Na jana jikoni kwangu kaingia nani, na chai yake? Mjukuu kasema nitazame kwanza kwenye kapu la Kishingo. Nimemwambia aninyamazie, namsikiliza Mungu.
Nimesikia wazi kabisa. Ni wifi.