Kuhusu Katuni Iliyomweka Bwana Yesu kwenye Foleni ya Pilau

Edmonton, London

Kwako Mhariri wa jarida la Tusemezane, unayezipokea barua zetu huko Woolwich na kuzikata bila huruma (hii usiikate),

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni Bridget Kwamboka, mtunza wazee, mshirika wa kanisa la Askofu Solomon pale Lewisham, na mjumbe wa kamati ya jarida lako. Jumamosi kamati inapiga kura kama ukurasa wa katuni wa Collins ufungwe au ubaki. Nasikia kura zimegawanyika nusu kwa nusu na imebaki yangu. Nasema ufungwe, kwa sababu hizi.

1. Katuni yenyewe. Sote tunajua Askofu huombea chakula kwa ukamilifu. Huanza na uumbaji, akapitia Misri, akawataja wenye shida za visa mmoja mmoja, akaombea serikali zote mbili, ndipo afike kwenye kuku. Hiyo ni karama. Sasa Collins amemchora kafumba macho, mafuta ya pilau na kuku yameganda, malaika wamevaa makoti na glavu, na mwisho kabisa wa foleni amesimama Bwana Yesu na sahani ya karatasi, anatazama saa. Mhariri, Bwana Yesu hana haraka! Huyu Collins alibatizwa wapi?

2. Kicheko kimeingia ibadani. Jumapili iliyofuata, Askofu alipofika Misri, Dada Ann akaanza kukohoa. Kikohozi gani hicho! Nikamtolea jicho kali, naye akanitazama, na mabega yangu mimi mwenyewe yakaanza kutikisika. Mabega ya mama wa kanisa! Hayo namdai Collins.

3. Mwanangu Tevin. Amezaliwa hapa, Kiswahili anasikia ila hujibu kwa Kiingereza. Nimembembeleza, nimemfokea, nimemnunulia vitabu, wapi! Leo analisoma jarida lako mwanzo hadi mwisho akitafuta katuni, na juzi mezani akaniuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, kama ugali wetu nao utapitia Misri. Nimemlilia Mungu mtoto huyu aongee lugha yangu, na neno la kwanza la maana analolitoa ni hilo.

4. Hapa sitanii. Nilipokuwa sina makaratasi, nikitoka shifti huku vidole vimekufa ganzi, sala ile ndefu ndiyo iliyokuwa blanketi langu. Nilijua jina langu litatajwa, nikasimama nikilingoja. Halafu mtu anakaa na kalamu yake anachora, na watu wanatumiana kwa simu. Iliniuma, na bado inaniuma.

5. Mimi si mtu wa fujo, kwa hiyo nilitafuta njia ya katikati: kila katuni ipitiwe kwanza na watu wa dini zote. Tuliijaribu na hii hii, jikoni kwangu. Bi Jokha wa Mombasa alisema kwa upole kwamba Nabii Isa hachorwi. Tukamtoa, na malaika nao. Daksha, Mhindu ambaye hagusi nyama, akasema kuku yule anamsononesha. Tukamtoa. Mimi nikamtoa Askofu. Bila Askofu ile foleni ikakosa sababu, ikatoka. Ikabaki meza tupu, na Dada Ann akauliza kama tunataka kusema kanisa letu ni la wachoyo. Meza nayo ikaenda. Ukurasa mweupe pe! Ilikuwa katuni nzuri kuliko zote ulizowahi kuchapisha, na ilidumu mpaka chai ilipomiminwa, maana Ann huyo huyo akagundua kwamba ukurasa mtupu unamaanisha kanisa halina watu.

6. Hapo nikafumbuka macho. Shida si kalamu, Mhariri, shida ni kicheko. Naomba basi jumuiya yetu yote iache kucheka, isipokuwa kwa kibali. Mwombaji aeleze anataka kumcheka nani na kwa sauti gani. Watakaocheka moyoni wajitaje wenyewe wakati wa ushuhuda. Wale wa kicheko cha kulipuka wapande treni wakachekee Watford. Wala mtu asinisingizie kwamba napinga uhuru wa kusema. Uhuru tunao, ni wetu, tunaupenda mno. Tunachoomba tu ni kwamba usitumike.

Wasalimie wote hapo ofisini, msalimie mkeo na watoto, wasalimie Wakenya wote wa Woolwich. Collins naye msalimie, ila kwa ufupi.

Ni mimi ambaye uvumilivu umeniishia,
Bridget Kwamboka

N.B. Nilikuwa bado sijaituma hii. Leo baada ya ibada Askofu alishika maikrofoni, akamshukuru Mungu kwa chakula, akasema amina, akaketi. Tukabaki tumefumba macho, kila mtu anangoja Misri. Pilau ilikuwa inatoa moshi! Kumbe Maureen, mpishi wetu, huwa anaitia iliki, na miaka yote hii hatukujua. Na kwa kuwa muda ulibaki, Askofu akachukua sahani yake akapita meza kwa meza, akaja akakaa karibu nami, akaniuliza mama yangu anaendeleaje tangu alazwe kule Kisii. Amenitaja kwenye maombi miaka na miaka. Kuniuliza, ni leo. Nikalia pale pale, Mhariri, mbele ya watu, na kijiko mkononi.

Kwa hiyo kura yangu ni ukurasa ubaki, na Collins sasa ageukie matangazo ya kanisa, maana hayo nayo yanaanzia kwa Adamu. Barua ichapishe ilivyo, nimeiandika kwa uchungu. Ila mimi asithubutu kunichora. Mambo mengine ni matakatifu.