Unahodha wa Mzee Sedekia

Mwaka wa sabini na nne, pale Matema, upepo wa Ziwa Nyasa haukuvuma bila ruhusa ya Mzee Sedekia. Alisema hivyo mwenyewe, na nani angembishia mtu aliyewahi kufanya kazi bandarini Mtwara, hata kama kazi yenyewe ilikuwa kuchemsha chai?

Mwalimu mmoja wa Kizungu, Bwana Olafu, alikuwa anakwenda likizo kwao, akatafuta nahodha wa kubaki na mashua yake. Ilikuwa na tanga jepesi la upepo mdogo, pana kama paa la kanisa. Ukivuta kamba moja linajiviringisha lenyewe kama mkeka.

"Nenda hadi lile jiwe, urudi, ulikunje kabla ya kufika ufukweni," akamwambia Sedekia. "Ukiweza, kazi ni yako."

"Mwalimu, kazi hiyo si ungempa mtoto," Sedekia akajibu, akakaza kofia.

Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi, akaona watu wamejaa ufukweni, akaona ni dhambi kulikunja tanga zuri namna ile kabla hawajashiba kulitazama. Hapo Mwera ukaamka, ule upepo wetu wa kusini usio na adabu.

Akavuta kamba. Tanga likajibana kiunoni, chini likafura: suruali ya bugaluu ya jitu zima. Mashua ikatoka mbio, moja kwa moja kuelekea vyungu ishirini vilivyopangwa ukingoni mwa maji kungoja mtumbwi wa sokoni.

Vyungu vilikuwa vya Tusekile, mke wa mwanawe Sedekia. Tanga lile alilishona yeye lilipochanika, na kulikunja alikujua. Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye. Akalitazama tanga, si mtu, akajifunika kanga usoni na kuviinamia vyungu vyake.

"Wewe chungu," akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "ungekuwa na akili ungelegeza kwanza kamba ya nyuma, tanga lipoteze upepo, ndipo uvute ya kukunjia."

"Mwambieni huyo anayeongea na chungu," Sedekia akafoka, naye kageuzia uso milimani, "kwamba mimi nimetoka Mtwara."

"Chungu," Tusekile akasema, "hata ukitoka Mtwara unapasuka vilevile."

Hatua kumi. Hatua tano. Sedekia akalegeza kamba ya nyuma. Tanga likanywea. Akavuta ile nyingine, likajiviringisha kwa heshima zote, na mashua ikasimama pua yake ikikinusa chungu cha kwanza.

"Nahodha nimempata," Bwana Olafu akasema, akampita Sedekia aliyekwisha kunyoosha mkono, akaenda kwa Tusekile.

Zamani mkamwana ndiye aliyejificha migombani baba mkwe akipita. Lakini nahodha haachi mashua majini akakimbilia migomba. Kwa hiyo mwaka ule, kila tanga lilipotokeza, Matema nzima ilimwona mtaalamu wa bahari akitimua mbio, kofia mkononi, kwenda kujificha yeye.