Dada Yetu Apatiwe Mwenzake

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Waheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti wote wanne, Mheshimiwa Mjumbe wa Bodi ambaye kwa bahati tu ni shemeji yangu, Mkuu wa Kitengo cha Rangi, Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Sauti, Kamati ya Utofauti, wapiga picha, wageni waalikwa, wageni mliojialika, na kwa namna ya pekee kabisa dada yetu mchora rangi, mfanyakazi pekee Mweusi katika studio hii ya katuni za watoto, ambaye naambiwa amekosa kiti na amesimama nyuma: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Nianze kwa kujipongeza. Nilipokabidhiwa Ukurugenzi Mkuu wa studio hii, sisi wote hapa tulikuwa Weupe, kuanzia Mwenyekiti hadi mtengeneza chai, na utofauti wetu ulikuwa asilimia sifuri. Lakini kwa dira yangu, stratejia yangu na moyo wangu mkubwa ambao hata mke wangu ameanza kuukubali, tulimwajiri dada yetu, na tangu siku ile utofauti umepanda kwa kiwango ambacho mhasibu ameshindwa kukikokotoa, kwa sababu kila akijaribu, kompyuta inamwambia kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. (Makofi marefu. Mhasibu anainama.)

Na hatukumficha. Wapo wakurugenzi wangemficha. Sisi tulimtoa katika chumba cha wachora rangi, ambako alikuwa amebanana na wenzake wakipiga soga na kuchekacheka, tukamhamishia mapokezi, peke yake, meza nzima yake, ili mgeni akifungua mlango tu akutane na utofauti wetu uso kwa uso. Ni kweli wageni wengi humwomba ufunguo wa choo. Lakini wanamwomba kwa heshima! Na katika kijitabu chetu cha mwaka huu mtamwona ukurasa wa kwanza kwa kilemba, ukurasa wa tatu kwa miwani, ukurasa wa tano kwa koti la daktari, na ukurasa wa mwisho kwa masharubu, maana mpiga picha wetu alisisitiza usawa wa kijinsia. (Vicheko.)

Ndugu wadau, mafanikio hayakosi changamoto. Mnaikumbuka katuni yetu ya msichana shujaa, msichana Mweusi wa kwanza katika historia ya studio hii. Kompyuta zetu zilikuwa na rangi ya kahawia ya aina moja tu, ile tuliyonunua kwa ajili ya fanicha, na Kitengo cha Rangi, kwa kuzingatia uchumi wa rasilimali, kikampaka shujaa rangi ya kabati. Dada yetu alituonya, tukamwambia kamati italiangalia. Basi shujaa kila alipopita mbele ya kabati alitoweka, yakabaki macho na meno yanatoa nasaha. Binti yake dada yetu, aliyeletwa kwenye onyesho la kwanza akiwa na nguo mpya ili aone kazi ya mama yake, akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: “Mama, kwa nini kabati linaongea?” (Vicheko. Mtu mmoja nyuma hacheki.)

Siku ya pili dada yetu akaingia ofisini kwangu bila miadi. Akasema, na namnukuu kwa sababu mimi ni msikivu: “Bosi, nimechoka kuwa peke yangu. Mkitaka kujua Weusi wote duniani wanafikiri nini, mnaniuliza mimi. Na mimi muda huo nafikiri nimechelewa kumchukua mtoto shule.” Akaomba aajiriwe mwenzake, hata mmoja, mtu wa kumtazama na kuelewana bila kueleza kila kitu. Akasema kama mwenzake hatakuwepo kufikia leo, yeye anaaga. Nikaguswa. Niliguswa kiasi cha kuunda kamati papo hapo.

Kamati ya Utofauti, yenye wajumbe kumi na mmoja, wote Weupe ili kusiwe na upendeleo, ilijifungia hotelini kando ya bwawa la kuogelea na kuibuka na andiko la nafasi sita za kazi. (Makofi.) Maombi yalimiminika. Wachoraji hodari, wengine mikono yao ikinitia wivu hata mimi nisiyejua kuchora. Lakini kamati, kwa masikitiko, iligundua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na uzoefu wa kufanya kazi na sisi. Kwa nini? Kwa sababu hatukuwahi kuwaajiri. Sasa mnaona ugumu wa kazi yangu.

Hata hivyo sikukata tamaa, na leo natimiza ahadi. Dada yetu, njoo mbele, mpisheni. Mwenzako yuko nyuma ya pazia hili, ni mchora rangi kama wewe, Mweusi kama wewe, mna umri mmoja, na atakaa mkabala na meza yako kutwa nzima. Nahesabu: moja, mbili, tatu! (Pazia linafunguliwa. Ni kioo kirefu. Makofi yanaanza, yanasita.)

Msisite, pigeni! Akiinua macho tu, huyo hapo. Uwakilishi umeongezeka maradufu bila hata shilingi ya mshahara. Dada yetu, sema neno. Mbona unakigeuza? Dada, kimekaa vizuri hivyo hivyo. (Dada yetu anakielekeza kioo kwa wajumbe wa Bodi.)

Eh. Tunajiona. Tumefanana kama mayai ya trei moja, sivyo? Anasema kitu, mpeni kipaza sauti. (“Mimi kila siku naona hivi.”) Asante, tumekusikia. Mheshimiwa Mwenyekiti, si lazima uangalie chini, ni maonyesho tu.

Basi tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema “Utofauti”, mnaitikia “Mmoja anatosha!” Utofauti! (Watatu wanaitikia. Mmoja wao ni shemeji.) Nikisema “Mwenzake”, mnaitikia “Yuko kwenye mchakato!” Mwenzake! (Shemeji peke yake.)

Mwisho kabisa nimshukuru kinyozi wa ng’ambo ya barabara aliyetuazima kioo hiki, maana bajeti ya zile nafasi sita imeishia kwenye pazia, viti na hoteli, na bila yeye leo tusingekuwa na mradi wowote wa kuzindua. Ndiyo, kinyozi, nakuona, najua umemwacha mteja nusu kichwa, chukua tu. Nashukuru pia kwamba dada yetu anamsaidia kukibeba kwa upande wa pili. Huo ndio ushirikiano ninaouhubiri. Ila dada, mbona umebeba na mkoba? Na ile mimea ya mezani? Ukishakifikisha unarudi, sivyo? (Dada yetu anajibu bila kugeuka.)

Nimeambiwa amesema hapana. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na mliosimama njiani, tafadhali, upisheni mradi upite.