Viazi vya Kura

Jumatatu, 2 Februari 2026

Mke wangu Watiri ameenda Kenol kumwona dada yake mgonjwa. Ameniachia stoo imejaa viazi vyake. Alisema nimpigie tu broka wa kila siku, viazi viende, na hiyo pesa yeye aweke meno. Ya mbele yameisha yote. Kanisani anaimba na mkono mdomoni. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo kwa mwanaume kama mimi.

Broka! Huyo anataka gunia ya lumbesi, imefura juu kama kofia ya askofu, halafu anailipa kama ya kawaida. Hapana. Jirani yangu Moffat anauzia hoteli za Nyeri kwa barua pepe. Anaziandikia kila Ijumaa na zinamjibu. Ameringa mpaka ng'ombe wake wanaringa. Nitamwonyesha.

Jumanne, 3 Februari

Nilimpigia binti yangu Nyawira, mwalimu huko Nyeri mjini. Nikamuuliza habari ya matangazo ya mtandao. Akasema siku hizi kila mtu analipia, bei inapanda tu, na wanaoshiba ni wenye mtandao. Ati afadhali barua pepe kwa watu wanaokujua. Kumwandikia mtu anayekujua si ni kuomba-omba? Akasema pia, Baba, kabla hujatuma nionyeshe. Nimuonyeshe! Mimi nilifika darasa la tatu wakati darasa lilikuwa darasa.

Nikatafuta mahari penye jua, miwani puani, nikaandika peke yangu: MZEE SIMEON WA MWEIGA. NIKO NA VIAZI VYA KURA, TAMU SANA. KUJENI JUMAMOSI NA GUNIA. Picha yangu hapo juu, koti ya harusi. Nikalipa na pesa ya mayai, tangazo likasukumwa kwa simu za watu mpaka Karatina. Wanaita kubusti.

Alhamisi, 5 Februari

Simu inalia kama kifaranga! Watu wanaandika, Mheshimiwa, tunakuja. Mheshimiwa! Moffat hajawahi kuitwa hivyo na hoteli yoyote. Mmoja aliuliza nataka kiti gani. Nikamjibu kiti niko nayo, na benchi mbili, atakaa vizuri. Mwingine akasema afadhali mimi, wengine huleta unga tu. Sikuelewa. Nikamshukuru.

Jumamosi, 7 Februari

Aibu. Sitaki kuandika.

Walikuja kabla sijakamua. Boma ilijaa. Akina mama wanaimba jina langu, vijana wanapiga vuvuzela. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Wakaingia stoo na gunia zao. Nikapiga kelele, pesa! Mwanaume mmoja mnene, Kingori, akasema pesa pia tutashukuru, mheshimiwa, lakini tuanze na viazi. Akatoa simu akasoma kwa sauti: viazi vya kura. Akasema kura yake nimepata, na ya mama yake.

Moffat alikuwa kwa fensi, ameshika tumbo. Akapaza sauti, ati Simeon, ya mdomo ni kula, na L! Hiyo yako ni ya kupigia wabunge!

Hapo ningesema ukweli. Neno moja tu, nimekosea. Wangerudisha, nafikiri. Lakini Moffat ananiangalia! Nikapanda kwa kiti ya kukamulia nikasema, watu wangu, nitawaletea lami. Wakapiga makofi. Wakabeba yote. Mama mmoja alirudi kuchukua hata vile vidogo vya mbegu.

Jumapili, 8 Februari

Pasta aliombea wote wanaotafuta uongozi. Kanisa nzima ikageuka. Niliangalia viatu vyangu mpaka wimbo wa mwisho.

Jioni Watiri akarudi. Akaenda stoo moja kwa moja. Alikaa huko. Alitoka na mkono mdomoni, na hakuwa anaimba. Akasema, Baba Nyawira, ungewaambia tu ulikosea. Halafu akaenda kuponda githeri yake, mahindi na maharagwe asiyoweza kutafuna. Sikuweza kula. Kula, na L. Sasa najua.

Jumanne, 10 Februari

Nyawira alipiga simu. Amesikia, Nyeri nzima imesikia. Akasema niende kwa Moffat na adabu, aniandikie barua pepe kwa hoteli, tuuze maziwa pole pole mpaka meno yapatikane. Kwa Moffat! Afadhali mimi pia ning'oke meno.

Watiri hajaniangalia usoni siku mbili. Hayo meno nitayanunua mimi, kabla ya Pasaka. Nyawira ako na kuku hapa nyumbani, wale anakuja kulisha kila Jumamosi shule isipomshika. Nitauza hao, atanishukuru baadaye. Shida ilikuwa neno moja tu, na hilo neno nimelitoa. Nimeandika polepole, nimesoma mara tatu, sikumwonyesha mtu: BINTI YANGU NYAWIRA, MWALIMU, AKO NA KUKU SAFI. WANAUME WENYE PIKAPU KUJENI JUMAMOSI MUMUONE. MAHARI TUTAELEWANA KWA SIMU. Maana mahari pa kukutana ni muhimu, wengine hawajui kwangu. Nikabusti.

Hata chai haijapoa, mteja wa kwanza ameuliza kama nitapokea mbuzi.

Nimemwambia alete.