Vidonge vya Kunirefusha

Jumatatu, 4 Machi 1996
Adhis, muuza samaki wa omena wa Kisumu Ndogo, amesema anapenda mwanaume mrefu. Alisema mbele ya Muema, seremala wa Kawangware, ambaye huinama kila mlango. Mimi hupita na kofia kichwani, wima. Nimeenda Riruta Satellite, duka la dawa. Vitamini D, ya kujenga mifupa. Mwenye duka amesema dawa hizi ni kali, kidonge kimoja kwa wiki, na lazima daktari awe ameniagiza. Nikasema ameniagiza. Nimemeza vinne.

Alhamisi, 14 Machi
Vinne asubuhi, vinne jioni. Kiu ya ajabu. Nimemaliza mtungi wa jirani. Kwenye foleni ya choo cha ploti, wapangaji wenzangu sasa wananiachia nafasi. Bila shaka ni mifupa inanyonya maji.

Jumatano, 27 Machi
Chakula hakishuki. Tumbo limefunga. Mwili mzito, kichefuchefu. Dalili njema, hata mtoto akiota meno huugua. Nimemwomba Muema anipime kwa tepu yake ya kazi. Amesema nimepungua, akacheka hadi misumari ikamtoka mdomoni. Tepu ina wivu.

Ijumaa, 29 Machi
Jana nilienda kwa kina Adhis kumposa. Kichwa kilijaa ukungu. Nikamshika mkono Mama Eddah, mamake Adhis, nikamwambia macho yake yamenikosesha usingizi. Halafu nikatapika. Mama akasema nimelewa. Adhis akasema, "Hapana, huyu ni mgonjwa." Muema, ambaye sijui alifuata nini pale, akanibeba mgongoni hadi kliniki. Aibu gani hii.

Daktari Ndululu akauliza natumia nini. Nikasema maombi. Adhis akatoa chupa mfukoni mwangu. Damu ikapimwa, kalsiamu imepanda vibaya. Daktari akasema vitamini hii haitoki mwilini upesi, hujikusanya. Ile kiu, mkojo, tumbo kufunga, kuchanganyikiwa, vyote vilikuwa onyo. Ningeendelea, figo zingeharibika. Niliogopa kweli. Nikauliza, walau nimerefuka? Akasema mtu mzima harefuki, na nisiimeze tena. Wakanitundikia dripu.

Jumapili, 7 Aprili
Nimetoka wodini. Adhis alikuja kuniona kila siku, kila siku na Muema. Nimeapa, vitamini D basi. Daktari amekataza D. Chuma hakutaja. Jirani yangu Shivachi ana vidonge vya chuma vya mkewe mjamzito. Amesema vinaongeza damu. Damu ikizidi, mtu lazima arefuke. Nimeazima kiganja kizima.